Fundo Juu ya Kichwa Changu

1.

KLABU YA MIAVULI YA BONDE LA MKONGE
TANGAZO KWA WANAFUNZI WOTE

Wanafunzi wote wanaojifunza kuruka kwa parachuti wanakumbushwa kwamba:

(a) Mwavuli mkuu ukifunguka vibaya na ukashindikana, mwanafunzi ataachana nao mara moja na kufungua mwavuli wa akiba.

(b) Uamuzi huo utafanywa kabla ya kushuka chini ya futi elfu mbili na mia tano. Chini ya hapo hakuna majadiliano.

(c) Mwavuli ulioachiwa ni mali ya klabu. Mwanafunzi ni mali ya mama yake. Klabu imeshaamua ni mali gani iliyo bora.

(d) Atakayetua kwa mwavuli wa akiba atamletea chai na mahamri yule aliyeukunja. Desturi hii haina msamaha.

(e) Asiyekula asubuhi haruki.

Imetiwa sahihi: Righa Mwachofi, Mkufunzi Mkuu

*(Chini yake, kwa mwandiko wa mkono:)* Mahamri yawe ya iliki. — Bi Zamzam


2.

Jina langu Mshai, na kazi yangu ni kukunja.

Watu wanapanda ndege, wanaruka, wanatua, wananiletea vitambaa vyao vikiwa vimevurugika kama shuka za mgonjwa, nami ninavikunja upya vikae ndani ya begi la mgongoni. Miaka miwili nimefanya hivyo, ndani ya banda ambalo zamani lilikuwa la kukaushia katani. Mpaka leo ukifagia kona zake utapata nyuzi.

Mimi ninakunja miavuli mikuu. Miavuli ya akiba haiguswi na mtu ila Bi Zamzam, kwa sababu yeye ana leseni na mimi nina vidole tu.

Lakini vidole vyenyewe! Sisifu, nakueleza. Mama yangu anasuka vikapu vya katani, nami nimekaa miguuni pake tangu sijaota meno. Kamba za parachuti zikirudi zimefungana, wenzangu wananiita. Sitazami hata. Nafumba macho, napapasa, nafungua.

Kwetu nyumbani kulikuwa na amri moja: katani haikatwi. Uzi ukifungana, kaa chini uufungue, hata kama jua litazama. Mkasi tulikuwa nao. Ulikuwa wa kucha.

Na kwa nini mkunjaji akataka kuruka? Kwa sababu ya nyuso. Hujaziona nyuso za watu wanaotoka juu. Wanarudi na uso ambao hawakuondoka nao, hata yule karani wa kodi asiyesalimia mtu. Miaka miwili nimewapokea vitambaa na kuwatazama nyuso, mpaka siku moja nikamwambia Afande Righa, na mimi nautaka uso huo.


3.

*Ndani ya banda. Afande Righa amenining'iniza kwenye boriti kwa mikanda. Miguu yangu haigusi chini. Ameshika picha za miavuli iliyofunguka vibaya, anazinyanyua juu ya kichwa changu moja moja.*

— Kamba zimejisokota, mwavuli wenyewe mzima.

— Nazitanua kwa mikono, napiga teke, najizungusha mpaka zinyooke, Afande.

— Vizuri. Pembe za mwisho hazijajaa hewa.

— Navuta breki zote mbili, naachia polepole.

— Vizuri. Kamba imepita juu ya kitambaa, mwavuli umebanwa katikati.

— Nakata.

Tunasema *kukata*, ingawa hakuna kisu. Ukivuta kishikio chekundu, mwavuli mkuu unabanduka mabegani na kwenda zake.

— Vizuri. Fundo kwenye kamba, unazunguka, umejaribu mara mbili halijatoka.

— Nakata.

— Vizuri sana. Mikono yako iko wapi, Mshai?

Nikatazama.

Mikono yangu ilikuwa juu.


4.

Wewe unayesoma. Ndiyo, wewe. Weka chai chini kidogo.

Mkono wa kulia: ulaze kwenye mbavu za kulia, chini ya kifua. Hapo pana kishikio chekundu, laini kama mto wa pini. Hicho kinakuachanisha na mwavuli mbovu.

Mkono wa kushoto: mbavu za kushoto, mahali pale pale. Hapo pana kishikio cha chuma. Hicho kinakupa mwavuli wa pili.

Chekundu kwanza. Cha chuma baadaye. Ukianza na cha chuma, mwavuli wa pili utatoka wakati wa kwanza bado uko juu yako, itanaswa pamoja, na utabaki huna hata mmoja.

Tazama. Shika. Vuta.

Tazama. Shika. Vuta.

Endelea kusoma sasa, lakini usisahau mikono yako iko wapi.


5.

REDIO YA ARDHINI. *Mruko wa nne wa mwanafunzi Mshai. Redio iliyo kofiani mwake inapokea tu, haisemi.*

Mshai, nakuona. Umefunguka.

Mshai, una fundo kamba za kushoto. Unazunguka. Pampu breki, vuta na uachie.

Mara nyingine.

Basi. Halitoki. Kata.

Mshai, tazama kimo chako. Kata.

Kata, Mshai.

Mshai

Mshai, tafadhali


6.

Nilimsikia Afande. Sitaki udhani redio iliharibika.

Nilimsikia vizuri kabisa, nikaona ana haraka. Hakuwa analiona fundo. Mimi nilikuwa naliona. Lilikuwa fundo la kijinga, kamba mbili zimepandana na ya tatu imezibana. Nimefungua elfu ya hayo. Nikashika ukanda wa kushoto, nikajivuta juu, nikapata kamba ya kwanza kwa vidole, nikaanza kuitetemesha kama mama anavyotetemesha uzi mkaidi. Dunia ilikuwa inazunguka chini yangu, mkonge, barabara, banda, mkonge, barabara, banda, nami sikuitazama.

Tena mwavuli ule niliukunja mimi mwenyewe. Kila mtu pale chini alijua. Kuukata kungekuwa kama kupanda juu ya banda na kutangaza kwa kipaza sauti: Mshai hajui kukunja.

Basi nikatetemesha.

Fundo likatoka.

Mwavuli ukajaa, ukatulia, ukawa mraba mzuri wa kupendeza, nikacheka peke yangu kwa sauti. Halafu nikatazama chini, nikaona majani ya mkonge na miiba yake, mmoja mmoja.

Nilitua kwa makalio ukingoni mwa uwanja. Barasa, mwanafunzi mwenzangu, alikuwa amerekodi kila kitu kwa simu. Watu wakanibeba juu juu. Wakaniita Mshai Mafundo.

Afande Righa hakunibeba. Alisubiri mpaka wamenishusha, akanivua kofia polepole kama mtu anayemvua mtoto.

— Umefaulu kufanya kosa, akasema. Leo umejifunza kwamba mtu akikaidi anaishi. Sijui nitakufundishaje kusahau.


7.

TAARIFA YA TUKIO

Aina ya hitilafu: Fundo la kamba, upande wa kushoto.
Hatua iliyochukuliwa na mwanafunzi: Alilifungua.
Hatua iliyotakiwa: Asilifungue.
Kimo alichomaliza: Chini sana.
Majeraha: Hakuna.
Uharibifu wa mali: Hakuna.
Chanzo cha fundo: Hakijulikani. Hutokea hata kwa wakunjaji bora.
Chanzo cha hatari: Mwanafunzi ni hodari mno.
Uamuzi: Haruki mpaka aonyeshe kwamba anaweza kuachana na kitu.


8.

*Yaliyosikika nyuma ya banda:*

— Lakini si alitua?

— Alitua.

— Sasa shida iko wapi?

— Shida ni kwamba alitua.

— Afande wenu ana mambo.

— Wewe cheka tu. Lingechelewa kutoka kidogo, saa hizi tungekuwa tunachanga za sanduku.

— Nipe hiyo soda.


9.

*Ujumbe wa sauti. Kutoka: Mama.*

Mshai. Mshai mwanangu. Nimeiona hiyo video, imefika mpaka kwenye kikundi cha kanisa. Nimeitazama na Mama Wakesho, tumeitazama tena. Kwanza, sketi ya kijani uliyoiacha hapa, uje uichukue. Pili, aa, mwanangu, umelifungua! Nilimwambia Mama Wakesho, ona vile vidole, ona anavyotetemesha, hivyo ni vidole vyangu vile. Hakuvuta kwa nguvu. Wajinga wanavuta kwa nguvu. Sipendi ukiwa huko juu, unajua, nilishasema na sitarudia, lakini umelifungua vizuri. Mungu akubariki. Kula.


10.

Nikausikiliza ujumbe ule chooni, mlango umefungwa, nikalia. Nililia kwa hasira. Duniani kulikuwa na watu wawili ambao sifa zao nilizitaka, na kwa jambo moja mmoja amenisifu na mwingine amenifungia chini.

Wiki nzima niliwakunjia wengine. Wakapanda, wakaruka, wakarudi na nyuso zao. Nikawachukia wote, hasa Barasa, ambaye alinunua miwani mipya.

Bi Zamzam alikuwa mezani kwake anakunja mwavuli wa akiba, taratibu, kana kwamba anamvalisha bibi harusi. Hakuninyanyulia uso.

— Unajua mimi nakunja hii kwa ajili ya nani? akauliza.

— Kwa ajili ya mwanafunzi, Bi.

— Kwa ajili ya mwanafunzi aliyekata. Asiyekata, mimi nimefanya kazi bure. Wewe juzi ulinidharau, mwanangu. Ulipita na kazi yangu mgongoni mpaka karibu na ardhi, hukuifungua.

Sikuwahi kulifikiria hivyo. Nilidhani nimejihatarisha mimi tu.


11.

*Mama wa Mshai anaeleza:*

Alikuja mwenyewe, yule mwalimu wao. Mrefu, amenyooka, alikuwa mwanajeshi. Alivua kofia mlangoni. Nikampa kigoda akakaa magoti yamefika masikioni, nikataka kucheka, nikamhurumia.

Akaniuliza, mama, umewahi kukata katani? Nikamwambia afande, mimi sijawahi. Nilisema kwa majivuno, sikufichi.

Akaanza kunieleza mambo ya futi. Nikamwambia baba, mimi futi sizijui. Basi akasimama, akanipeleka nje, akanionyesha kwa kidole kile kilima chenye mnara wa simu. Akasema, alipotakiwa kukata alikuwa juu ya mnara ule, juu kabisa. Nikasema sawa. Akashusha kidole. Akakishusha, akakishusha, kikapita mnara, kikapita miti, kikafika kwenye mabati ya shule. Akasema, na hapa bado alikuwa anafungua.

Niliomba maji nyumbani kwangu mwenyewe.

Halafu nikakumbuka nimemtumia mtoto ujumbe wa kumsifu.


12.

*Bandani. Mimi nimening'inia. Mama amesimama kwenye meza, amevaa kitenge cha kutokea, mkoba umejaa katani. Bi Zamzam ametoa mkasi wake mkubwa wa vitambaa. Afande ameshika saa.*

Mpango ulikuwa wa Afande. Mama afunge mafundo juu ya kichwa changu, mafundo ya kweli, si ya picha. Nijaribu mara mbili. Afande akipiga kofi, nikate kwa mkasi, halafu mikono ishuke kwenye kishikio chekundu.

Kofi.

Vidole vyangu vikaendelea kufungua. Nikafungua. Mama akasema "ehe!" kwa furaha, halafu akajiziba mdomo.

Kofi.

Nikafungua.

Kofi. Nikaushika mkasi, nikauweka kwenye uzi, na huwezi kuamini, mkono ukagoma. Kuna ugumu fulani kwenye uzi ambao mama yako ameusokota juu ya paja lake, uzi ambao unajua ulimchukua jioni nzima. Nikamtazama. Naye alikuwa ananitazama huku amekunja uso, kwa sababu na yeye hakutaka ukatwe.

Kofi.

— Siwezi, Afande.

— Basi, Afande akasema. Akaanza kuilegeza ile mikanda ili anishushe. Nilijua akinishusha sitaning'inia tena.

Mama akashuka mezani.

Akaenda kwenye mkoba wake, akatoa kikapu. Nilikijua. Cha zambarau na udongo mwekundu, kimefika nusu, cha mnunuzi wa Nairobi, amekisuka tangu mvua za vuli. Akaninyang'anya mkasi mkononi. Akakikata.

Hakukikata mara moja. Mkasi haukuwa mzuri kwa katani. Alikitafuna kutoka mdomoni mpaka kitakoni, huku analia na kuvuta kamasi, na nyuzi zikimwagika sakafuni, na Bi Zamzam akisema "Astaghfirullah, Mama Mshai, inatosha."

— Umeona? Mama akaninyoshea vile vipande viwili. Umeona? Kikapu kimekufa, mimi nimesimama hapa. Nitasuka kingine! Mkonge umejaa bonde zima, nitasuka kingine! Wewe nikuanze wapi kukusuka?

— Mpigie kofi, akamwambia Afande. Mpigie tena.

Kofi.

Kata.

Chekundu.

Kofi.

Kata.

Chekundu.

Mpaka sakafu ikajaa nyuzi, kama zamani banda lilipokuwa na kazi yake.


13.

(Hapa palikuwa na kipande kizuri sana kuhusu baba yangu na baiskeli yake. Nilikipenda kuliko vyote. Nimekikata.)


14.

*Mwavuli wa akiba unasema:*

Mimi sijui rangi yangu.

Nimeambiwa ni nyeupe, au ya machungwa. Yule bibi anayenikunja anaijua, lakini hazungumzi nami, anasoma dua tu. Mikono yake ndiyo ya mwisho ninayoikumbuka. Baada yake ni giza, mgongo wa mtu, jasho, mlio wa ndege, kelele, kutua, ukimya. Mara nyingi sana. Kila mara yule wa chini yangu anatoka kwenda kucheza na jua, na mimi nabaki.

Wengi huomba nisitoke kamwe. Siwalaumu. Hata bibi anayenikunja anaomba hivyo, kisha ananikunja kana kwamba natoka kesho.

Siku ile ya fundo nilisikia mikono ya yule msichana juu, mbali nami, ikihangaika.

Nilikuwa hapa.

Nilikuwa hapa wakati wote.


15.

UBAO WA KLABU, JUMAMOSI

Ndege ya kwanza: Barasa, Mshai *(ameruhusiwa — R.M.)*
Upepo: wa wastani, kutoka milimani
Mgeni wa klabu: Mama Mshai. Apewe kiti.
Aliyechukua kikombe cha Bi Zamzam akirudishe.


16.

Ndani ya ndege hakuna anayeongea. Barasa ametapika kidogo kwenye mfuko, kwa heshima. Nampenda tena.

Mwavuli mkuu mgongoni mwangu nimeukunja mimi. Afande aliniuliza kama nataka ukunjwe na mtu mwingine, nikakataa. Sikukataa kwa kiburi, au tuseme kiburi kilikuwepo lakini kimekaa nyuma. Nilimwambia, Afande, ukifunguka vizuri ni wangu, na ukifunguka vibaya nitaukata vilevile ukiwa wangu. Akaandika jina langu ubaoni.

Rubani anageuka. Mlango unafunguliwa na upepo unaingia ndani kama watu wa harusi.

Nenda.

Nahesabu sekunde:

Elfu moja

elfu mbili

elfu tatu

elfu nne

elfu


17.

Tazama juu.

Mraba? Hapana.

Mtulivu? Hapana.

Unageuka ninapotaka? Unageuka unapotaka wenyewe.

Kamba imepita juu ya kitambaa na kukibana katikati, na nusu mbili zinapigapiga kila moja kivyake, na mimi chini yake nimeanza kuzungushwa, kwa nguvu, miguu inarushwa nje. Ni kazi yangu hiyo. Mikunjo yangu. Naiona kabisa ilipopita, kamba ya pili kutoka mwisho, na ninajua, ninajua kwa vidole, kwamba ningekuwa na dakika tatu tu na mahali pa kukaa ningeweza

Mikono yangu iko juu.

Imeshaigusa.


18.

Mikono yako iko wapi?


19.

Chini.

Tazama.

                    Chekundu.

Shika.

Kwaheri, kazi yangu nzuri.

                    Vuta.


20.

*Afande Righa Mwachofi:*

Nilikuwa na redio mdomoni. Nimefundisha watu wengi kuruka, jeshini na hapa. Niliona mwavuli umebanwa. Nikavuta pumzi niseme *kata*. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Sikuwa nimekibonyeza.

Naomba hilo liandikwe mahali fulani. Sikuwa nimekibonyeza.


21.

*Mama wa Mshai:*

Kitu kikaachana na kitu. Watu wote wakapiga kelele, wakakitazama kile kitambaa kinavyopeperuka kwenda upande wa mkonge, rangi yake nzuri, kinajikunja na kujikunjua. Barasa, aliyeruka mzunguko wa kwanza, tayari yuko chini, amepiga magoti. Yule Bi Zamzam amenishika mkono mpaka pete imeniingia.

Mimi sikukitazama kitambaa. Nilimtazama yule mdogo mweusi aliyebaki hewani bila kitu.

Nikasema, amekata.

Hawakunisikia. Nikasema tena kwa sauti, waache kulia, wajue.

Mtoto wangu amekata!


22.

*Mwavuli wa akiba unasema:*

Jua.

Ah.

Mweupe. Mimi ni mweupe.


23.

Karibu tena duniani, wakasema wote, ndiyo desturi, na Barasa akanimwagia maji kichwani, ambayo si desturi. Nilikuwa nacheka. Niliomba mtu anipe kioo nione uso wangu ukoje, na Afande akasema hakuna haja, anauona.

Mama alikuwa na kikapu kimefunikwa kitambaa. Ndani mahamri, bado ya moto, na chupa ya chai.

— Mama! Ulijua?

— Nijue nini? Mikono ilikuwa haitulii tangu alfajiri, nikakanda unga. Isingekuwa akiba tungekula sisi.

Bi Zamzam akachukua moja, akalimega, akanusa, akafumba macho. Iliki ilikuwepo. Akalila lote, kisha akaniwekea mkono kichwani penye maji, akauacha hapo kwa muda mrefu.


24.

Tuliupata mwavuli mkuu jioni, mimi na mama, ndani kabisa ya shamba. Umelala juu ya mikonge minne, umechomwa na miiba kila mahali, kamba zote zimefungana zikawa kitu kimoja kikubwa kama kichwa cha ng'ombe.

Nilikuwa na mkasi wa Bi Zamzam. Nilikuja nao makusudi. Nikaufungua, nikatafuta pa kuanzia.

Mama akanishika mkono.

— Wewe! Unafanya nini?

— Nakata, mama.

— Hapa? akasema. Akatazama huku na huku, ardhi, mistari ya mkonge, viatu vyetu vyenye vumbi. Kwani hapa tunaanguka?

Akatandika kitenge chini kati ya mikonge miwili. Akakaa. Akavuta lile fundo mapajani, akalipapasa akiwa amefumba macho, akapata ncha moja, akanipa. Nikakaa miguuni pake. Mkasi nikauweka kando ambapo ningeweza kuufikia.

Afande Righa alitukuta hapo, tukiwa tumefungua kamba tatu. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

— Mshai. Naandika ubao wa Jumamosi ijayo. Nikuweke?

Mama hakunyanyua uso. Vidole vyake vilisimama, vikasubiri pamoja nami.

— Afande, nikasema, niulize nikimaliza hili.

— Hilo? Hilo ni la siku mbili.

Nikahesabu. Ilikuwa Jumamosi jioni. Nikavuta uzi wa nne taratibu, nikautetemesha.